Makombe mawili hayakuiokoa: Kansas City iliyokufa na Kansas City ya Temwa Chawinga

Swali la msomaji: Kaka, habari za kazi. Namfuatilia Temwa Chawinga tangu alipokuwa China. Sasa yuko Kansas City Current ya Marekani, kila mechi ya nyumbani naona majukwaa yamejaa, na watangazaji wanasema uwanja ule ulijengwa kwa ajili ya timu ya wanawake. Kumbe klabu yenyewe ilianzishwa mwishoni mwa 2020! Tena nimesoma kwamba mji huohuo uliwahi kuwa na timu ya wanawake iliyotwaa ubingwa mara mbili mfululizo, halafu ikafutwa. Inakuwaje bingwa anakufa, na aliyeburuta mkia anajengewa uwanja? Ni fedha za matajiri tu, au kuna jambo walilofanya ambalo klabu nyingine zinaweza kuliiga? Na hizo herufi CPKC kwenye jina la uwanja ni nini?

Jibu:

Salama kabisa, dada yangu. Umeuliza mambo manne kwa mkupuo mmoja, na ufunguo wake uko kwenye hilo la bingwa aliyekufa. Acha nianze na msiba, harusi itafuata.

Marehemu aliitwa FC Kansas City. Alikuwa miongoni mwa klabu nane zilizoanzisha NWSL, ligi kuu ya soka la wanawake Marekani, mwaka 2013. Ligi hiyo nayo ilikuja baada ya nyingine mbili kuzikwa: WUSA, iliyocheza misimu mitatu kuanzia 2001 hadi 2003 na kuteketeza takribani dola milioni 100, kisha WPS, iliyoanza 2009 na kuishia 2011. Kwa hiyo waanzilishi wa NWSL waliingia kwa kunyata. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 6,000, na hizo si za mwezi, ni za msimu mzima. Nyota wa timu za taifa za Marekani, Kanada na Meksiko walilipwa na mashirikisho yao ili klabu zisielemewe. Wengine wengi walilala kwenye vyumba vya familia zilizojitolea kuwahifadhi.

Ndani ya dimba, FC Kansas City ilikuwa moto wa kuotea mbali. Kocha alikuwa Vlatko Andonovski, mzaliwa wa Skopje aliyekwenda Marekani kucheza soka la ukumbini. Nyuma alisimama Becky Sauerbrunn, katikati Lauren Holiday, mbele Amy Rodriguez. Fainali ya 2014 waliifunga Seattle Reign 2-1, Rodriguez akipachika yote mawili. Mwaka uliofuata wakakutana tena na Seattle, ikawa 1-0, na mfungaji alikuwa Rodriguez yuleyule.

Sasa tazama walikuwa wanacheza wapi nyumbani. Mwaka 2013 walikuwa kwenye uwanja wa shule za sekondari huko Overland Park, kitongoji kilicho upande wa jimbo la Kansas. Mwaka 2014 wakahamia uwanja wa chuo kikuu, upande wa Missouri. Mwaka 2015 wakahamia tena, safari hii Swope Soccer Village, mahali penye viwanja kadhaa vya mazoezi na mashindano, na jukwaa la watu elfu chache. Miaka mitatu, nyumba tatu, zote za watu, na katikati ya kuhamahama huko wakabeba makombe mawili. Mwanzoni mwa 2017 klabu ilipata mmiliki mpya. Mwaka haujaisha, Novemba, ikafutwa. Haki za wachezaji zikahamishiwa Utah, kwenye klabu mpya iliyoitwa Utah Royals.

Watu wengi husema ilikufa kwa kukosa fedha. Ni kweli, lakini ni kama kusema mtu alikufa kwa sababu moyo ulisimama. Kwa nini fedha haikuingia wakati ilikuwa na wachezaji bora nchini? Mimi nasema ilikufa kwa upangaji.

Fikiria mapato ya mpangaji wa uwanja. Kiingilio anakipata, ila baada ya kukatwa pango, walinzi, taa na usafi. Maegesho ya magari mara nyingi ni mali ya mwenye uwanja. Soda, bia na soseji ni za mwenye uwanja au mzabuni wake. Mabango yanayozunguka dimba yameshauzwa kwa mwaka mzima kwa wadhamini ambao hata hawajui kama kuna timu ya wanawake inayocheza pale. Jina la uwanja limeuzwa kitambo. Tarehe za mechi anapangiwa: kwanza timu ya wenye uwanja, kisha tamasha la muziki, kisha yeye. Na shabiki naye anachoka. Akizoea njia ya kwenda upande wa Kansas, msimu ujao anaambiwa mechi ziko Missouri (mji ule umekaa juu ya mpaka wa majimbo mawili, kwa hiyo hili si suala la kubadili mtaa tu).

Kuna mechi moja ya 2016 ambayo huwa naitolea mfano kila mara. Western New York Flash walitakiwa kuikaribisha Seattle Reign mjini Rochester, lakini uwanja wao wa kawaida ulikuwa na tamasha. Wakahamishiwa uwanja wa besiboli wa jirani, na dimba likachorwa kwenye kona ya nyasi iliyopatikana. Upana wake ulikuwa yadi 58, yaani kama mita 53. Kumbuka eneo la penalti lina upana wa yadi 44. Maana yake, kutoka kwenye mstari wa pembeni wa boksi hadi mstari wa kutoa mpira ulibaki na yadi saba kila upande. Winga akipiga hatua chache yuko nje. Waliokuwa wakirusha mpira wa pembeni walikuwa karibu na lango kama wapiga kona. Hiyo ilikuwa mechi ya ligi kuu ya nchi yenye mabingwa wa dunia, ikachezwa na kuhesabiwa pointi, na ligi ikaja kuomba radhi baadaye.

Nisamehe nichomekee langu kidogo. Niliwahi kuwa meneja wa timu ya wanawake, na nilichobaki nacho kichwani ni simu ya saa tatu usiku, siku moja kabla ya mechi: "Kesho jioni uwanja una shughuli, njooni saa mbili asubuhi." Nikaanza kupigia wachezaji mmoja mmoja. Kipa wetu alikuwa zamu ya usiku kazini. Alifika kipindi cha kwanza kinaelekea mwisho, sare ya kazi bado mwilini, anavua koti huku anaulizia glavu. Tulishapigwa mbili. Wiki ile ile mtu mmoja akaniambia kwenye kikao kwamba soka la wanawake halina watazamaji. Saa mbili asubuhi, siku ya kazi, nani aje?

Turudi Kansas City. Mwaka 2020 mmiliki wa Utah Royals aliingia kwenye kashfa ya kauli zake, akalazimika kuuza, na Desemba mwaka huo wachezaji wakarudishwa walikotoka. Yaani mkataba wa mtu ulitoka Kansas City, ukaenda Utah, ukarudi Kansas City, bila mwenyewe kuulizwa sana. Kiungo Lo'eau LaBonta alipita njia yote hiyo: alivaa jezi ya FC Kansas City, akavaa ya Utah, akarudi, na ndiye aliyekuja kuwa nahodha wa klabu hii unayoiona. Desiree Scott, Mkanada, naye vilevile.

Walioipokea timu walikuwa Angie na Chris Long, mke na mume wenye kampuni ya uwekezaji mjini hapo, pamoja na Brittany Mahomes, aliyewahi kucheza soka Aislandi. Mumewe Patrick, ambaye kwa wapenzi wa mpira wa Kimarekani hahitaji utambulisho, aliingia kwenye umiliki mwaka 2023. Kwa hiyo ndiyo, dada, matajiri wapo. Tusidanganyane kwenye hilo.

Lakini msimu wa kwanza, 2021, ungeweza kuwa ni FC Kansas City ileile imefufuka na ugonjwa wake. Walicheza kwenye uwanja wa besiboli upande wa Kansas. Hata jina hawakuwa nalo. Waliitwa Kansas City tu, jina la Current likaja msimu ulipokuwa ukiisha. Wakamaliza wa mwisho katika ligi ya timu kumi.

Na hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Oktoba 2021, timu ikiwa mkiani, wamiliki walitangaza kwamba watajenga uwanja. Hawakusubiri kombe wala wastani wa watazamaji upande kwanza. Klabu nyingi husema "tukifanya vizuri tutajenga". Hawa walifuata njia ya kinyume, kwamba bila makao hutafanya vizuri kwa muda wa kutosha hata uyafaidi.

Tena hawakuanza na uwanja wa mechi. Walianza na mahali pa kufanyia mazoezi. Mwaka 2022 walifungua kituo chao huko Riverside, upande wa Missouri, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola milioni 18. Watu hupiga picha uwanja mkubwa, kituo hakipigwi picha sana, lakini ukiniuliza mimi kipi kiliibadilisha timu, nitakuambia hicho. Mchezaji hucheza mechi mara moja kwa wiki, mazoezini yuko karibu kila siku. Akijua nyasi ni zilezile, kabati lake lipo, mtaalamu wa tiba ya viungo yuko chumba cha pili na chakula kipo baada ya mazoezi, mwili wake unakuwa na ratiba. Wachezaji wa kike huumia goti, ile kano ya katikati, kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume, na kuhamahama viwanja vya kukodi si dawa ya tatizo hilo. Pia unapomshawishi nyota aje, una kitu cha kumwonyesha. Januari 2023 walimchukua Debinha, kiungo wa Brazili ambaye klabu nyingi zilimtaka.

Msimu wa 2022 ulikuwa wa ajabu. Kutoka mkiani, waliingia hatua ya mtoano, ambayo ndiyo humwamua bingwa wa ligi hiyo, wakaitoa Houston Dash kwao kwa bao la dakika za nyongeza, wakaitoa OL Reign kwao Seattle 2-0, wakafika fainali mjini Washington na kufungwa 2-0 na Portland Thorns. Wakati huo walikuwa wamehamia uwanja wa klabu ya wanaume ya mji, Sporting Kansas City. Uwanja mzuri sana, ila bado wapangaji.

Halafu 2023 wakaanguka. Kocha alifukuzwa baada ya mechi tatu tu za ligi, na wakamaliza wa 11 kati ya timu 12. Nataka uliangalie hilo vizuri, kwa sababu ndipo ninapokataa hadithi ya kwamba walifanya kila kitu sawasawa. Katika misimu mitatu ya kwanza walishika mkia mara moja na kukaribia mkia mara nyingine. Kwenye ligi yenye kushuka daraja wangeshuka, na uwanja uliokuwa ukipanda kando ya mto ungekaribisha timu ya daraja la pili. Barcelona, ambayo leo wote tunaiheshimu, timu yake ya wanawake iliwahi kushuka daraja mwaka 2007. NWSL haina kushuka daraja. Ukishanunua kiti, kiti ni chako. Hiyo ni bahati ya mfumo, na anayetaka kuiga Kansas City akiwa kwenye ligi ya kupanda na kushuka aiweke kwenye hesabu mapema.

Oktoba 2023 wakamwita kocha mpya. Nani? Vlatko Andonovski, yuleyule wa makombe mawili ya marehemu. Katikati hapo alikuwa amefundisha Seattle, kisha timu ya taifa ya Marekani, iliyotolewa na Uswidi kwa penalti kwenye Kombe la Dunia la 2023 katika hatua ya 16 bora. Alikuwa amesemwa vibaya nchi nzima. Akarudi kwenye mji alioujua, na safari hii alikuta vifaa ambavyo mwaka 2014 asingeviota.

Uwanja ulifunguliwa tarehe 16 Machi 2024, kando ya mto Missouri, karibu na katikati ya mji. Mechi ya kwanza walikutana na Portland walewale wa fainali, ikaisha 5-4, na binti wa miaka 16, Alex Pfeiffer, akafunga. Gharama ilizidi dola milioni 100, sehemu kubwa ikiwa ni fedha za binafsi. Ndio uwanja wa kwanza kujengwa mahsusi kwa ajili ya klabu ya wanawake ya kulipwa. Ardhi, hata hivyo, hawakuinunua. Ni ya mamlaka ya bandari ya mto, wamekodishwa kwa miaka 50. Kwa hiyo nikisema upangaji unaua, namaanisha upangaji wa msimu kwa msimu. Mpangaji wa miaka 50 mwenye funguo zake mwenyewe ni kitu kingine kabisa.

Una viti 11,500, na namba hii kwangu ni ujanja mkubwa kuliko jengo lenyewe. Matajiri wale wangeweza kutamani kitu cha watu 25,000. Uwanja wa 25,000 wenye watu 11,000 unaonekana mtupu kwenye runinga. Mdhamini anaona viti, shabiki anajua tiketi haziishi, hivyo hana haraka ya kununua. Uwanja wa 11,500 uliojaa unakufanya ununue tiketi ya msimu ili usikose. Tiketi za msimu wa 2024 ziliuzwa zikaisha, na kila mechi ya nyumbani ya ligi ilijaa. Hiyo ndiyo picha uliyoiona wewe ukamtafuta mwandishi wa kumuuliza.

Mwenye uwanja pia anaweza kukaribisha wengine. Mashindano ya soka la wanawake ya vyuo yamechezwa pale. Fainali ya NWSL ya 2024 ilichezwa pale, Novemba 23, na Mzambia Barbra Banda akaifungia Orlando Pride bao pekee dhidi ya Washington Spirit. Current wenyewe walikuwa wametolewa nusu fainali 3-2 na hao hao Orlando, lakini siku ya fainali kodi ililipwa kwao.

Sasa Temwa. Ametoka Rumphi, kaskazini mwa Malawi, akapita Kvarnsveden ya Uswidi ambako dada yake Tabitha alimtangulia, kisha Wuhan nchini China. Mwaka 2023 alifunga mabao 63 katika mashindano yote, na bado majina makubwa ya Ulaya hayakuwa yakigombana mlangoni kwake. Kansas City walimchukua. Msimu wa kwanza, 2024, alifunga mabao 20 ya ligi, akavunja rekodi ya Sam Kerr ya 18, na akazifunga timu zote 13 nyingine, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa msimu mmoja. Akawa mchezaji bora wa ligi. 2025 akafunga 15 na kuichukua tena tuzo hiyo, mtu wa kwanza kuitwaa miaka miwili mfululizo. Huwa nawaambia vijana wa usajili: angalieni alikotoka. Klabu isiyo na kituo chake, isiyojua mwakani itacheza wapi, haina nafasi ya kutuma mtu akachunguze ligi ya China. Inasajili anayepatikana.

Mwaka 2025 walimaliza kileleni kwa pointi 65 katika mechi 26, rekodi ya ligi, wakapewa ngao ya msimu. Kisha robo fainali ya mtoano, nyumbani kwao, Chawinga akiwa majeruhi, wakafungwa 2-1 na Gotham FC katika muda wa nyongeza. Uliona vilio. Lakini linganisha: FC Kansas City walikuwa mabingwa na bado watu walikuwa wanajiuliza kama wataiona timu mwakani. Hawa wametolewa mapema kwa aibu, na swali la mashabiki asubuhi yake lilikuwa nani aongezwe ubavuni.

Kuhusu fedha, nikuongezee upande mmoja ambao hauonekani. Wenye Current walinunua wakati mzuri. Mwanzoni mwa 2022 wachezaji walipata mkataba wao wa kwanza wa pamoja, kima cha chini kikapanda hadi dola 35,000, baada ya mwaka wa kashfa za unyanyasaji ambapo Oktoba 2021 walisimamisha mechi katikati ya mchezo na kushikana mikono kwenye duara la kati. Novemba 2023 ligi ikasaini haki za matangazo za dola milioni 240 kwa miaka minne. Mkataba uliotangulia ulikuwa wa dola milioni 4.5 kwa miaka mitatu. Mwaka huohuo klabu mpya iliyotaka kuingia, Bay FC, ililipa ada ya dola milioni 53. Januari 2025, Denver, dola milioni 110. Kwa hiyo hata kama uwanja usingerudisha senti, thamani ya kiti chao kwenye ligi ilikuwa inapanda. Anayejenga uwanja kwenye ligi isiyo na thamani inayopanda anacheza mchezo mwingine, wa hatari zaidi.

Je, wengine waige nini? Si jengo. Klabu nyingi za wanawake hazitajenga kitu cha dola milioni 100, na zikikopa ili zijenge zitazama nacho. Na wala si lazima uwanja uwe wako peke yako. Portland Thorns tangu 2013 wamecheza Providence Park pamoja na timu ya wanaume ya mji, na msimu wa kwanza tu walikuwa na wastani wa watu zaidi ya 13,000, wakati wengine ligi nzima wakihesabu elfu chache. Siri yao ilikuwa kwamba mmiliki alikuwa mmoja na wanawake hawakuwekwa foleni ya tatu. Uingereza, Everton walipohamisha timu ya wanaume kwenye uwanja mpya mwaka 2025, hawakuubomoa Goodison Park, waliwapa wanawake. Hilo ni la kutazamwa kwa makini, kwa sababu Goodison ni mkubwa mno kwa watazamaji wa sasa wa timu ile, na tutaona kama watafunga baadhi ya majukwaa ili yaliyobaki yajae.

Kinachoigika ni mpangilio wa hatua. Kwanza pata pa kufanyia mazoezi pasipohama, hata kama ni dimba moja na kontena la vyombo lenye kufuli. Kisha mkataba wa uwanja wa mechi, wa miaka mingi kadiri mtakavyoweza, ulioandikwa siku na saa za mechi zenu, na kifungu kinachosema mwenye uwanja akiwatoa anawalipa. Usikubali "tutaelewana". Ombeni sehemu ya mauzo ya vinywaji hata ikiwa ndogo, na mabango mawili matatu ya kuuza wenyewe. Chagueni uwanja mdogo kuliko ndoto zenu. Nyota wa bei mbaya aje baada ya hayo; akija kabla, ataondoka na nauli yenu. Najua makatibu wa klabu hawapendi kusikia, maana mkataba wa pango haupigiwi picha na jezi mkononi.

La herufi karibu nilisahau. CPKC ni kampuni ya reli, Canadian Pacific Kansas City, iliyotokana na kuunganishwa kwa kampuni mbili mwaka 2023. Treni zake zinatoka Kanada, zinapita hapo mjini hadi Meksiko. Ililipia jina liandikwe juu ya uwanja. Na kwa kuwa mwenye uwanja ni timu ya wanawake yenyewe, hundi ya jina hilo inaandikwa kwa Kansas City Current.